Chumvi Iliyotoka Kiwanda cha Sabuni

Waasi walipoingia Uvira nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kubeba mtungi, na mwenye mdomo wa kutosha kulalamikia chakula. Chumvi ilikuwa imekwisha sokoni. Wenzangu wanaikumbuka miezi ile kwa milio ya bunduki; mimi naikumbuka kwa sombe, yaani majani ya muhogo, isiyo na ladha na maharage yaliyonifanya nitamani kulia. Mama alichoma maganda ya ndizi, akachuja majivu yake ili tupate japo kitu cha kudanganya ulimi. Ulimi wangu haukudanganyika hata siku moja.

Basi siku watu walipovunja kiwanda cha sabuni kule ufukweni, jirani yetu, mama wa mapacha, alirudi na pipa dogo la bati kichwani, uso umemjaa furaha. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe, vikavu, vinavyong'aa. Habari ikazagaa mtaani kwamba chumvi imepatikana.

Kwetu, chumvi ikifika baada ya kukosekana, aliyeipata haionji kwanza. Anagawa, halafu ndipo anaonja. Anayeanza na ulimi wake atasemwa mpaka azeeke. Kwa hiyo mama wa mapacha alichota kwa kijiko cha mti, akafunga kila fungu katika jani la mgomba, akatuma nyumba hadi nyumba. Alituma bila kubagua, hata kwa mwanamke aliyekuwa amegombana naye juu ya kuku. Mkono ulimwasha na vidole vikawa vinateleza kama bamia, lakini akadhani ni jasho.

Mama aliporudi kutoka shambani mchana, alikuta fungu letu karibu na mafiga na maji yangu yakichemka. Alilifungua, akaliinamia, akalifunga tena polepole. Kisha akaondoa chungu motoni bila kuniuliza. Nilikasirika kiasi cha kukosa adabu, lakini alikuwa ameshatoka, nikamfuata.

Alikuwa anaijua vizuri ile iliyokuwa ndani ya jani. Baba alipika sabuni katika kiwanda kile tangu kabla ya uhuru, mpaka alipovuka kwenda Burundi kututafutia pa kukimbilia. Mama ndiye aliyemuuguza mkono siku soda ya sabuni, dawa kali ya kupikia sabuni, ilipomla ngozi. Ndiye pia aliyenionyesha mtaro wa maji machafu ya kiwanda, ambako nyasi zilikataa kuota, akanikataza kuchota maji karibu na pale.

Kwa mama wa mapacha alikuta wanawake wamekusanyika kushukuru. Aliwaambia wasipike, ni sumu. Walimtazama kama mtu anayezima ngoma ya harusi, na mwenye pipa akakasirika.

"Weye unasema ni sumu juu bwana yako alitumikaka kule. Unataka yote ikuwe yako."

Mama aliomba kikombe cha udongo, akatia maji baridi, akadondoshea vile vipande kidogo kidogo. Kisha akawaambia washike kikombe kwa nje. Maji yalikuwa yamepata moto na hapakuwa na moto. Hapo alifungua pembe ya kitenge chake, akatoa ndagala wachache aliokuwa amewaweka kwa chakula chetu cha jioni, akawatumbukiza wote. Roho iliniuma. Tukangoja. Alipokoroga na kijiti, samaki wetu walikuwa wamegeuka ute.

"Hii haiko munyu," alisema. "Na tumbo ya mutoto haipite ndagala nguvu."

Wanawake walitawanyika mbio kwenda kurudisha mafungu yao. Yalirudi yote ya mtaani, moja bado limefungwa kwa uzi. Mama wa mapacha tu ndiye hakusogea.

"Ya kwanza kabisa nilimutumia mama yangu," alisema. "Asubuhi. Iko Makobola."

Tuliifuata barabara ya Fizi kwenda kijiji hicho, wao wawili mbele, mimi nyuma na mtungi wa maji ambao mama alikataa niuache. Kwenye kizuizi vijana wa waasi waliojifunga majani kichwani walituuliza tunakimbilia wapi. Hawa walikuwa watu wasioogopa risasi, kwa maneno yao wenyewe. Mama aliwaeleza huku anatembea, hakusimama, na wao wakampisha. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mgongo wake siku ile.

Tulimkuta bibi yule uani, sahani ziko chini, ameshika upawa, bado hajapakua. Chungu cha maharage kilikuwa kimefura povu, mawese yamepotea, na harufu ya sabuni ya kufulia imejaa uani. Alikuwa anajiuliza ni chumvi gani hii ya Wazungu. Mama hakusalimia. Alimnyang'anya upawa, na mama wa mapacha akamkumbatia mama yake akalia kwa sauti. Mtungi wangu ulitumika kumwosha bibi mikono, maji mengi, tena na tena, ingawa alilalamika kwamba tunampotezea chakula na kumwogesha kama maiti.

Jirani mmoja alitaka chungu kimwagwe ziwani. Mama akauliza watoto wa pale wanaoga wapi. Tulichimba shimo mbali na maji na mbali na migomba, tukafukia chakula chote. Wakati wa njaa, kufukia maharage ni kazi ngumu kuliko kuyalima.

Likabaki pipa. Mama alisema soda haitulii mpaka ishibe mafuta. Walichanga mawese mtaa mzima. Akafunga kitambaa puani, akaitia soda kwenye maji, na si maji kwenye soda, akaacha ipoe. Kisha akatia mafuta na kukoroga mpaka mikono ikamfa ganzi. Watoto tulifukuzwa mbali. Sabuni ilipoganda alikataa katakata isiguswe. Wiki zilipita, watu wakanung'unika, mapacha wakawa na uchafu wa kuogofya, naye akawa analinda sabuni ile kama mtu anayelinda mahindi dhidi ya nyani.

Ilipofika asubuhi aliyoiona inafaa, alikata kipande. Mama wa mapacha alikuwa amesimama pale mlangoni, watoto wake wameshika kitenge chake, na sote tulijua kitu kimoja ambacho hatukukisema: hakukuwa na namna nyingine ya kujua kama soda imekwisha. Mama yangu, aliyekuwa amezuia ndimi za mtaa mzima, akatoa ulimi wake, akaugusisha kwenye sabuni, akafumba macho.

"Haiume tena," alisema, na akanipa kile kipande. "Anzia kwa wale mapasa."