Maji ya Jaa Siku ya Ijumaa

Muhdhar hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa maji alikuwa na kiburi, na mimi jirani yake nilimvumilia kwa sababu alikistahili. Kwa miaka minane aliangalia mtambo wa maji taka nyuma ya mji wa Amu, kisiwani Lamu. Maji yalitulia matangini, yakachujwa, mwishowe yakapita kwenye taa za urujuanimno, ambazo mwanga wake huua vijidudu. Kutoka hapo yalikwenda bustani ya Bi Rawiya na wenzake. Walikubali kulima mchicha kwa maji hayo kwa kuwa Muhdhar aliwapa neno lake.

Mwaka huu, baada ya masika, vipimo vilirudi vibaya. Vijidudu vilikuwa hai. Bustani ikafungwa, mchicha ukang'olewa. Bi Rawiya hakumtukana. Aliacha tu kumwamkia, na hilo lilimuuma zaidi.

Muhdhar akabadilisha taa. Akasugua vioo vyake kwa ndimu. Kila asubuhi alijaza bilauri, akaitazama juani, akainusa, vile tulivyofunzwa chuo cha Kurani kuyajua maji ya udhu: rangi, harufu, ladha. Ladha aliiacha, wazimu hakuwa nao. Kwa macho maji yalikuwa safi, naye akashikilia kwamba kosa ni la taa.

Ndipo akaja Jepchirchir, mtaalamu wa maabara kutoka Mombasa. Alieleza kwamba maji yaweza kuonekana safi na bado yakaumeza mwanga wa taa kabla haujavifikia vijidudu. Majimaji meusi yanayochuruzika kwenye takataka za jaa hufanya hivyo hasa, hata yakichanganyika kidogo.

Muhdhar alicheka. Jaa lilikuwa mikononi mwa Adnan, shemeji yake, aliyesoma naye chuo kimoja. Kazi ile Adnan aliipata kwa sababu Muhdhar alisimama msikitini, mkono kifuani, akamdhamini. Lakini daftari la mtambo halikumpa nafasi ya kucheka sana. Mwanga ulipungua kila Jumamosi asubuhi, na maji huchukua karibu siku nzima kupita matangini. Basi kilichoingia kiliingia Ijumaa.

Ijumaa iliyofuata, imamu alipotoa salamu tu, Muhdhar akainuka kabla ya dua. Alimkuta Adnan kwenye shimo la kuingilia mtambo, na punda watatu, akimimina madumu ya majimaji ya jaa, mikono imemwiva weusi hadi viwikoni. Huyu ndiye aliyemwambia kwa miezi miwili kwamba siku hizi anaswali Ijumaa kijiji cha Shela, na Muhdhar akamwombea thawabu kwa kwenda mbali.

"Shimo la jaa limeyaa, halipokei tena," Adnan akasema, wala hakuona haya. "Na wewe una taa."

Muhdhar akamuuliza kwa nini Ijumaa.

"Siku nyingine huondoki hapa. Ijumaa hukosi msikitini."

Mimi ningempiga, nasema wazi. Muhdhar akakaa juu ya dumu. Adnan akamsihi amsitiri, kwa ajili ya Amal, mkewe, dadake Muhdhar.  Muhdhar alirudi msikitini, watu wangali wamekaa kwa darsa, akasimama palepale aliposimama siku ile ya kudhamini.

"Nalimdhamini Adnan mbele yenu," akasema. "Leo naiondoa dhamana. Na neno langu juu ya mai ya bustani lilikuwa la mato tu, la kutazama bilauri. Mwambiyeni Bi Rawiya anisamehe."

Safari hii mkono hakuuweka kifuani.