Waya Ulioungwa Nyuma ya Jiko Letu

Mume wangu alikuwa polisi wa redio. Si redio ya nyimbo na taarifa ya habari, bali ile ya kituo, yenye kipaza sauti cha kushika mkononi, ambayo Bwera, mji wetu mdogo mpakani na Kongo, ilitumia kuzungumza na Kasese, na Kasese ikazungumza na wakubwa. Aliletwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya sitini, kijana mrefu kutoka mashariki mwa nchi, asiyejua hata neno moja la Lhukonzo, lugha yetu. Mimi nilikuwa binti wa mkulima wa kahawa wa mlimani, juu ya Bwera, na lugha yake sikuijua. Tukaelewana kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kambini na changu cha sokoni Mpondwe, na mpaka leo ndiyo lugha ya nyumba yetu.

Baba yangu hakumtaka. Alisema mtu wa sare hana kwao. Lakini alimwona kanisani Jumapili baada ya Jumapili, akiimba kwa sauti kubwa maneno asiyoyaelewa, akalegea.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu atakuhamishahamisha kama kuku wa soko."

Hakunihamisha sana. Tulipelekwa Kasese, tukakaa katika kota za polisi upande wa reli, na watoto wetu wakazaliwa huko. Mwanzoni mwa miaka ya sabini tukarudishwa Bwera. Nilifurahi kwa sababu mama yangu alikuwa amezeeka na nilitaka kuwa karibu naye.

Kituo cha Bwera kilikuwa nyumba chache za bati zilizopangwa mstari mmoja. Mwisho wa mstari palikuwa na chumba cha redio, na nje yake mlingoti wa antena. Kutoka kwenye mlingoti ulishuka waya mnene mweusi hadi kwenye mashine. Siku moja mume wangu alinionyesha kipande chake kilichokatwa. Katikati kulikuwa na waya mmoja wa shaba, ukazungukwa na kitu cheupe kama nta, kisha wavu wa nyuzi nyembamba za shaba, kisha ngozi nyeusi ya nje.

"Huyu wa katikati ndiye anabeba sauti," alisema. "Huu wavu unamlinda. Wakigusana tu, redio imekufa."

Mvua za mwaka ule zilikuja na upepo wa kutoka mlimani, zikang'oa bati za chumba cha redio. Maji yakaingia ndani. Mkuu wa kituo wa wakati huo, mtu mpole aliyependa kufuga sungura, alizunguka akitafuta chumba kikavu, na kikavu kilikuwa kimoja tu: stoo iliyoshikana na nyumba yetu.

"Leta mashine hapa," alimwambia mume wangu mbele yangu. "Mama watoto ataondoa majembe yake."

Nikaondoa majembe. Mashine ikaletwa. Lakini stoo ilikuwa mbali na mlingoti kuliko chumba cha kwanza, na waya haukufika. Mume wangu akaenda Kasese, akarudi na kipande kingine cha waya pamoja na kiungio, kile ambacho wao walikiita joini. Kilikuwa kipande cha madini meupe, kirefu kama kidole, chenye tundu kati na meno ya kukazia pande zote mbili, kama mdomo wa chupa. Waya mmoja unaingia huku, mwingine unaingia kule, unakaza, na waya mbili zinakuwa moja. Alikaa juu ya ndoo nyuma ya jiko langu akamenya ncha za waya kwa wembe, akazikaza ndani ya joini, akaizungushia utepe mweusi tabaka juu ya tabaka ili maji yasiingie, akaifunga chini ya ukingo wa paa. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo. Sikuona kama ni jambo.

Redio ikasema vizuri kuliko zamani. Nilikuwa naisikia kupitia ukutani nikipika: "Bwera, Bwera, hapa Kasese." Watoto wakawa wanaiga.

Kisha mkuu wa kituo akahamishiwa kaskazini. Sungura zake alituachia. Aliyekuja baada yake hakuwa polisi hasa, alikuwa mwanajeshi aliyepewa kazi ya polisi, kama ilivyokuwa ikifanyika wakati ule. Alikuja na askari wake mwenyewe wa kumlinda. Siku zile watu walikuwa wanaogopa mpaka. Ukizungumza sana na mtu wa upande wa Kongo, kuna aliyekuwa akikutazama, na ukikaa kimya unatazamwa vilevile.

Afande huyo mpya alikuwa na tabia ya kuzunguka kota zetu mchana akikagua. Siku moja alipita nyuma ya jiko langu, akasimama, akatazama juu. Aliufuata waya kwa macho kutoka kwenye mlingoti mpaka kwenye ukingo wa paa letu, akaona uvimbe mweusi wa joini.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia ni waya ya redio, bwana yangu anajua. Akamwita mume wangu. Alikuja mbio, akasimama wima na kupiga saluti.

"Hii ni nini?"

"Ni joini, afande. Waya ilikuwa fupi."

"Nani alikuambia kukata waya ya serikali?"

"Sikukata, afande. Niliongeza. Mkuu wa zamani alisema tuhame hapa."

"Mkuu wa zamani iko wapi?"

"Alihamishwa, afande."

"Kwa hiyo waya ya serikali inapita kwa nyumba yako. Hapa katikati kuna kitu umefunga, umeficha na utepe. Unasikiliza nani? Unaongea na Kongo?"

Mume wangu aliomba aruhusiwe kuufungua utepe ili amwonyeshe. Afande akakataa, akasema mtu yeyote asiguse kitu hicho. Akatoa amri kwa askari wake. Wakamvua mume wangu mkanda na kofia hapo hapo, karibu na sufuria yangu, wakampandisha kwenye gari. Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Alinitazama, akasema, "Maharagwe yasiungue." Gari likaondoka kuelekea Kasese.

Nikaepua maharagwe. Watoto walirudi kutoka shuleni, nikawapakulia. Mkubwa aliuliza baba yuko wapi, nikamwambia amekwenda Kasese kikazi. Nilisema bila kutetemeka. Nilikuwa nangoja mwili wangu ufanye kitu, ulie au uanguke, lakini haukufanya. Niliosha vyombo.

Kesho yake mpagazi mmoja wa Mpondwe, mwanamke wa Kongo aliyekuwa akinunua ndizi kwa mama yangu, alinijia, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama, bwana yako iko wapi? Bato banasema banamupeleka na gari."

"Yuko Kasese."

"Pole, mama. Usilie."

Silii, nikamwambia. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayeangalia jeraha lisilotoa damu.

Sikufukuzwa kwenye nyumba. Afande alisema nikae mpaka itakapoamuliwa. Na hili ndilo jambo ambalo sikuweza kulielewa wakati ule, na sasa pia silielewi: ule waya hawakuugusa. Waliogopa kuufungua, au walisahau. Kijana mwingine wa redio aliletwa, akakaa ndani ya stoo yetu, akazungumza na Kasese kupitia joini ile ile ambayo mume wangu alikamatwa kwa ajili yake. Kila asubuhi nikiwasha moto nilisikia, "Bwera, Bwera, hapa Kasese." Nilijua sauti inapita pale juu ya kichwa changu, chini ya ukingo wa paa. Nilikoroga uji.

Nilianza kwenda Kasese. Nilikuwa nawaacha watoto kwa mama na kudandia lori la chumvi au la samaki mpaka Kikorongo, nikangoja pale njia panda kati ya wauza mahindi ya kuchoma mpaka lori jingine litokee. Mara moja tembo walisimama barabarani na dereva akazima injini, tukakaa. Abiria wengine walikuwa wananong'ona kwa hofu. Mimi nilikuwa nimepakata kikapu cha chakula, nikitazama masikio ya tembo yakipunga, na nilikumbuka kwamba zamani nilikuwa nikiwaogopa.

Kambini Kasese palikuwa na geti na askari wawili. Nilisema jina la mume wangu. Mmoja akaingia ndani, akarudi.

"Hapa hakuna mtu kama huyo."

"Waliomleta walisema wanamleta hapa."

"Mama, nasema hakuna. Hicho kikapu ni nini?"

"Chakula chake."

"Lete."

"Umesema hayupo."

"Lete, nyabo. Rudi nyumbani."

Nikampa. Kama hayupo, chakula cha nini? Lakini kama yupo, labda kitamfikia. Nilikwenda hivyo majuma mengi. Kila safari walisema hakuna mtu kama huyo, na kila safari walichukua kikapu, na safari iliyofuata walinirudishia kile cha zamani kikiwa kitupu na kimeoshwa. Aliyekiosha sikumjua. Baba yangu alinikataza kwenda, akasema nitakamatwa na mimi. Nilimsikia vizuri. Alhamisi nikaenda tena.

Katikati ya mambo hayo fundi wa redio alikuja kutoka Kasese na gari, mtu mzima mwenye miwani, kwa sababu mashine ilikuwa imeanza kukwaruza. Alipanda juu ya ndoo nyuma ya jiko langu, akakata utepe, akaifungua joini. Mimi nilisimama mlangoni. Afande hakuwepo, alikuwa Mpondwe. Fundi aliipuliza, akaipangusa kwa kitambaa, akachungulia ndani ya tundu, akakaza tena. Kisha akaniona.

"Wewe ndiye mke wake?"

"Ndiyo."

Akashuka, akasema polepole, "Hii ni joini tu, mama. Kila kituo iko nayo. Hata yetu kule Kasese."

"Utawaambia?"

Alikuwa anafunga mkoba wake wa vyuma.

"Nitasema. Wakiniuliza."

Nikamshukuru. Nilimpa maji ya kunywa, akanywa amesimama, akaondoka. Kama waliwahi kumwuliza, sijui.

Mume wangu aliachiliwa msimu wa kuchuma kahawa. Hakuna aliyenipasha habari. Nilikuwa shambani kwa baba nikachungulia njia, nikaona mtu anapanda mlima kwa kushika miti, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni. Alikuwa amevaa shati la mtu mwingine. Watoto walimjua kabla yangu, wakateremka wakikimbia. Mama akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Mimi nilitua kikapu cha kahawa, nikamsogelea, nikamshika mkono.

"Umefika," nikasema.

"Nimefika."

Watu walinitazama wakingoja nilie. Wengine baadaye walisema nina moyo wa jiwe, au kwamba nilikuwa nimeshapata mwanamume mwingine. Sikuwa na chochote. Kilichokuwa kimekufa ganzi siku ile ya maharagwe kilikuwa bado hakijaamka. Nilimchemshia maji ya kuoga. Nilipomwaga maji mgongoni mwake niliona makovu, nikaendelea kumwaga.

Hakurudishwa kwenye redio. Walimpa kusimama kwenye kizuizi cha Mpondwe akiinua na kushusha mti malori yapite. Afande alihamishwa, akaja mwingine. Chumba cha zamani kiliezekwa, mashine ikarudishwa huko, na vijana wakaja kung'oa waya nyuma ya jiko langu. Niliwaambia wasikanyage mboga. Muda mfupi baadaye mume wangu aliomba kuacha kazi, wakamruhusu bila maneno, nasi tukahamia kwenye kipande cha shamba alichotupa baba yangu. Mtu wa sare akawa mkulima wa kahawa, na Lhukonzo akajifunza, ingawa vibaya.

Hatukuzungumza juu ya Kasese. Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha, mtoto wetu mkubwa ameshaanza kazi, siku mume wangu alipoligusa jambo hilo. Tulikuwa tumekaa mkekani uani tukichambua kahawa, mchana, mbivu huku na mbovu kule. Aliniuliza bila kuinua macho.

"Ulikuwa unakuja? Kule?"

"Nilikuwa nakuja."

"Na chakula?"

"Na chakula. Ugali, maharagwe, siku nyingine samaki wa Hamukungu."

Aliendelea kuchambua.

"Waliniambia mke wako ameolewa Kongo," alisema. "Waliniambia hakuna mtu aliyewahi kuniulizia."

"Na wewe ukaamini?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri kila swali tangu ujana wake.

"Siku nyingine niliamini."

Nilitaka kumkasirikia, au kumhurumia. Nilitafuta ndani yangu, nikapata kidogo sana, kitu kama joto la jivu. Kilikuwa zaidi ya nilichokuwa nacho kwa miaka. Nikamsogezea lundo lake karibu, kwa sababu mgongo wake haukuweza tena kuinama mbali, tukaendelea na kazi mpaka jua lilipohama uani.