Jani la Kivulini

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kumwagilia bustani ya nyumba moja Area 47, Lilongwe. Nyuma ya jiko, chini ya ukuta usiofikiwa na jua, nikalikuta jani letu. Hata wewe unalijua, lile la mtoni: likichipuka limejikunja kama mkia wa kinyonga, halitoi ua, na kiangazi chote linabaki kijani. Niliweka ndoo chini. Hasira yangu ya utotoni ilikuwa bado mbichi.

Bibi alilitoa kwetu Fizi vita ilipotufukuza. Aliifunga mizizi kwa kipande cha kitenge chake, akailowesha kila tulipokuta maji. Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alilipanda kwenye kopo la mafuta ya msaada, nyuma ya bafu letu la nyasi, penye kivuli na ubaridi. Kazi yangu ilikuwa kulinyunyizia maji asubuhi, huku maharage ya bibi yakinukia motoni. Alizoea kusema kwamba hilo ndilo shamba letu lililobaki.

Jumapili moja tulitoka kanisani tukakuta kopo halipo. Baadaye jirani yetu, mshonaji, akaanza kujisifu kwamba amenunua ua la mjini, akaliweka ndani kwenye ndoo mpya. Bibi alikwenda kulitazama. Kwenye udongo kitenge chake kilikuwa kinachungulia. Alirudi nyumbani.

Jani likaanza kugeuka manjano. Jirani akaja kumuuliza bibi, maana alijua ana mkono wa kuotesha.

“Koko, ua yangu ya Lilongwe iko inakauka. Mi nifanye namna gani?”

Bibi aliendelea kuchagua maharage. “Jua njo inakosa, mwanangu. Iweke mbele ya mlango, bantu baione.”

Jirani akashukuru, akalitoa nje. Kila mchana nilipita pale kuangalia. Nililipenda jani lile, lakini nilifurahi kuona likikunjamana, mpaka likavunjika kama karatasi. Nilimuuliza bibi kwa nini hakulidai.

“Ningelidai, angeniita mwongo,” alisema. “Sasa tumelikosa bote.”

Siku hiyo alimaliza sahani yake yote ya nsima.

Jirani alipata safari ya ng'ambo. Bafu la nyasi limebomoka. Bibi tulimzika Dzaleka, mahali pasipo na mti, juani kabisa. Mama mwenye bustani ameniambia nichukue chipukizi moja nikipenda, lakini pale alipolala bibi halitadumu hata wiki.

Ningejua anakoishi yule mshonaji, ningemtumia picha ya jani hili, kijani, kivulini, bila neno hata moja.