Behrang Alazwa Wodi ya Wanaume

Behrang, fundi wa kutengeneza mazulia yaliyochanika mjini Kerman, alizaliwa msichana akaitwa Farangis. Miaka minane alihangaika kwa madaktari na mahakamani, hadi hakimu akaamuru atibiwe abadili jinsia na apewe kitambulisho cha mwanamume. Mama yake, Bi Golandam, hakugombana naye, ila hakuacha kumwita Farangis.

Asubuhi moja Behrang alishikwa na kidole tumbo, mama akampeleka hospitali. Karani alitazama kitambulisho, kisha akatazama kompyuta ya bima.

"Huku naona mwanamke. Hiki kitambulisho umekitoa wapi, dada?"

Behrang, amejikunja kwa maumivu, akampa nakala ya hukumu. "Bima ndio hawajabadilisha. Mahakama ilishamaliza."

"Basi nenda wodi ya wanawake, mengine tutayaona baadaye."

"Siendi. Kisheria mimi ni mwanamume."

Karani akamgeukia mama. "Hebu tuambie wewe, mama. Huyu ni nani?"

Bi Golandam akalivuta baibui lake. "Karatasi ya hakimu umeishika, halafu unaniuliza mimi? Anaitwa Behrang. Ni mwanangu wa kiume. Andika, tumbo linamuuma."

Karani akaandika. Behrang alipasuliwa mchana huo, akalazwa na wanaume wenzake, kitanda cha dirishani. Bima walimsahihishia jina na jinsia baada ya barua tatu. Mama alimletea supu ya shayiri kila siku, na kila alipojisahau akaanza kusema Farangis, alijikatiza mwenyewe na kuanza upya.