Mama Yusra wa Mahalla, muuza tiketi anayesema ‘usinunue leo’

Saa nne asubuhi, mvuke unapanda kutoka kwenye shati la mtu katika duka la kupiga pasi la Fathi, jirani na kituo cha treni cha Mahalla al-Kubra. Nyuma ya kanzu zilizotundikwa, mkewe ameketi kwenye kiti cha plastiki, simu moja mkononi, nyingine ameiegemeza kwenye chupa ya wanga.

Simu ya mkononi inalia. Mpigaji yuko Kuwait na anataka tiketi ya kuja nyumbani.

“Usinunue leo,” anamwambia.

“Mama Yusra, nina haraka.”

“Haraka ya nini? Harusi ya mdogo wako ni mwezi ujao, mimi mwenyewe nimealikwa. Na huko Kairo unakwenda kumwona nani? Shuka Iskandaria. Nauli ni ndogo, na mpaka hapa gari linakwenda karibu mwendo uleule.”

Mpigaji anacheka.

“Wewe unauza tiketi au unazizuia?”

“Nauza, mwanangu. Ila nawauzia watu nitakaokutana nao sokoni.”

Jina lake ni Nagwa, ana umri wa miaka arobaini na saba, lakini mjini hapa ukimtaja kwa jina hilo utaulizwa Nagwa yupi. Watu wanamjua kwa jina la bintiye wa kwanza. Kazi yake ni kutafuta nauli nafuu za ndege kwa vijana wa Mahalla walioko Ghuba, na kwa mama zao wanaotaka kuwafuata.

Kazi hiyo hakuianzia kwenye kiti cha plastiki. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika wakala mdogo wa safari mtaa wa pili. Watu walipoanza kujinunulia tiketi kwenye simu zao, tajiri wake alifunga ofisi, akamwachia feni na kalenda ya ukutani.

“Nikasema, kama watu wamehamia mtandaoni, nami nahamia,” anasimulia. “Nikafungua ukurasa. Nikaweka picha ya ndege na picha ya Kaaba. Nikakaa nikisubiri wateja.”

Wateja hawakuja. Kijana mmoja wa Tanta alimwahidi kwamba kwa malipo kidogo kila mwezi, yeyote atakayetafuta tiketi mtandaoni ataanza kuuona ukurasa wake. Alilipa. Siku moja akajaribu kujitafuta mwenyewe.

“Nilipekua mpaka kidole kikachoka. Makampuni makubwa yote yalikuwa mbele yangu, na yote hayo yana fedha za kununua nafasi ya mbele. Mwezi ule nilipata wateja watatu. Wawili walikuwa binamu zangu.”

Akaacha kumlipa kijana wa Tanta, akaketi kufikiri. Alichogundua kilikuwa mbele ya macho yake siku zote.

“Mtu wa Mahalla haiulizi simu,” anasema. “Anamwuliza shemeji yake. Shemeji anamwuliza kinyozi. Kwa hiyo nikajiuliza, msafiri anapita wapi kabla hajasafiri? Anapita hapa, kwa mume wangu, kunyoosha nguo za sanduku!”

Alikata vikaratasi, akaandika namba yake na maneno machache: “Unasafiri? Mwulize kwanza Mama Yusra.” Kila shati lililotoka dukani lilitoka na kikaratasi kimebanwa kwa pini kwenye kola.

Fathi, mtu wa maneno machache na pasi nzito, hakufurahi. “Nilimwambia, mama wee, shati la mtu umeligeuza ubao wa matangazo! Ustaadhi mmoja wa shule alikwenda kazini na kikaratasi mgongoni, wanafunzi wakamwuliza anahamia Riyadh lini.”

“Na ustaadhi huyo mwaka huo alikwenda Umra,” mkewe anamkatiza. “Tiketi alikata kwa nani?”

Fathi anarudisha macho kwenye shati.

Baada ya mashati zikaja harusi. Katika harusi za mtaani hapa, anayemtunza bwana harusi husomewa salamu kwenye kipaza sauti. Nagwa alitoa noti yake kama wengine, akamnong’oneza mshereheshaji. Mtaa mzima ukasikia: “Salamu kutoka kwa Mama Yusra wa tiketi! Anawasalimu waliopo hapa na walioko Kuwait, na namba yake ni hii!”

Kwa bahati mbaya mshereheshaji alikosea tarakimu moja. Wiki nzima simu za wasafiri zilimiminika kwa Atiyat, mwanamke anayeuza bata na njiwa sokoni. Siku ya tano alimtafuta Nagwa mpaka akamkuta, bata wawili wakimpigia kelele kwapani.

“Dada, nipumzishe! Mimi nauza ndege wa kuchinja, si ndege za kupanda!”

Nagwa alicheka hadi akakaa chini. Alimnunua bata mmoja, wakanywa chai, na tangu hapo hakuna anayemtangaza kuliko Atiyat. Anayenunua bata wa karamu ya kumpokea mtu kutoka ughaibuni huulizwa kwanza tiketi imekatwa wapi.

Ni Atiyat aliyemletea Hajati Saniyya.

Hajati huyo ni mjane, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha nguo, na goti lake moja halikunjiki vizuri. Mwanawe, Ragab, anapiga lipu Tabuk, kaskazini mwa Saudia. Miaka saba hakuwa amerudi nyumbani, kwa kuwa karatasi zake za ukaazi zimekwama kwa mwajiri wake wa zamani, na bila hizo hapati ruhusa ya kutoka nchini. Hata hivyo, kupitia Msaudi mmoja anayemfahamu, alikuwa amefanikiwa kumwombea mama yake viza ya kumtembelea. Muda wa kuingia kwa viza hiyo ulikuwa ukiisha punde baada ya Idi, na Ramadhani ilikuwa imeshaandama.

Nauli zilikuwa juu mno. Nagwa alizitazama, akamwambia Hajati asubiri.

“Watu wanaokwenda Umra wanajaza ndege za Jeddah na Madina,” anaeleza. “Tabuk hakuna anayekwenda kuhiji. Na siku za mwisho za mfungo, wafanyakazi wa Tabuk wanarudi Misri kula Idi. Ndege lazima iende kuwachukua. Nikasema, hizo zitakwenda tupu, na kiti kitupu hakikosi kushuka bei.”

Alikuwa na hakika. Lakini wiki iliyofuata bei haikushuka, ikapanda. Ikapanda tena.

Inshirah, binti wa Hajati, alimkuta kwenye foleni ya tanuri la mtaa, alasiri moja wanawake wamejipanga na sinia zao za kahki, biskuti za Idi, zikisubiri kuokwa.

“Huyu hapa!” akasema kwa sauti. “Huyu ndiye aliyemfungia mama yangu Mahalla! Viza ikifa, wewe ndiye utakayemwambia kaka yangu?”

“Inshirah, mwanangu, umefunga—”

“Nimefunga, ndiyo, na wewe funga domo lako la ‘subiri subiri’!”

Foleni nzima ikageuka. Mmoja akasema mawakala wa zamani, wenye ofisi zao, wangekuwa wameshakata tiketi. Mwingine akakiondoa kikaratasi cha Mama Yusra kwenye mfuko wa nguo za mumewe alizotoka kuzichukua kwa Fathi, akakiweka juu ya ukuta wa tanuri, taratibu, bila kumtazama.

“Natamani angekichana kwa hasira,” Nagwa anasema. “Kule kukiweka taratibu ndiko kulikoniuma. Nilijua, nikikosea hili, mjini hapa sina kazi tena. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni mwanamke yule na goti lake.”

Aliiacha sinia kwa mwokaji, akaenda moja kwa moja kwa Hajati.

“Nikamwambia, Hajati, pesa ni zako na mwana ni wako. Ukisema nikate leo, nakata leo, hata senti sichukui.”

Hajati Saniyya alikuwa akisugua goti kwa mafuta. Aliuliza swali moja tu.

“Hizo ndege za Tabuk, wakati ule zinakwenda kumchukua nani?”

“Wafanyakazi wanaorudi nyumbani.”

Hajati akatabasamu. “Mimi nimepanda magari ya kiwanda maisha yangu yote. Gari linalokwenda vijijini kuchukua watu wa zamu huwa tupu kabisa, dereva anaimba peke yake. Tusubiri, binti yangu.”

Nagwa anasema siku zile alikuwa akiamka kabla ya daku, si kwa njaa, bali kuangalia bei. Mpaka asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, akaona tarakimu akadhani macho yanamdanganya. Akamwamsha Fathi asome yeye. Nauli ya Tabuk ilikuwa chini ya nusu.

“Alikimbia kwa Hajati na kandambili mbili tofauti,” Fathi anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. “Moja yake, moja yangu.”

Hajati alisafiri siku mbili kabla ya Idi. Ndege ilikuwa na abiria wachache hata mhudumu akamruhusu kunyoosha mguu juu ya viti vitatu. Jioni ile ujumbe wa sauti ulimfikia Inshirah, naye akauingiza katika kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaa.

Kwanza inasikika sauti ya Hajati, inagomba: “Inshirah, kaka yako amekonda! Na nywele zimemkwisha, hamkuniambia! Mwambie Mama Yusra ndege ilikuwa tupu kama gari la kiwanda.” Halafu sauti ya mwanamume, haijulikani inacheka au inalia: “Mama, weka simu. Weka simu nikuone.”

Ujumbe huo ulitoka kundi moja ukaingia jingine, ukafika Tanta, ukafika Kuwait. Akina mama waliousikia walianza kuuliza huyo Mama Yusra ni nani.

Na Inshirah? “Hakuniomba radhi,” anasema Nagwa. “Aliniletea sahani ya kahki mlangoni, akasema zimemzidia. Huku kwetu hiyo ndiyo radhi yenyewe.”

Siku hizi, msimu ukichanganya, anakata tiketi kama arobaini kwa mwezi. Kila moja anachukua pauni mia mbili, na mteja akiwa tayari ameona bei nzuri kuliko aliyopata yeye, hachukui kitu. Miezi ya katikati huwa mikavu, na hapo ni pasi ya Fathi inayolisha nyumba. Ukurasa wake wa mtandaoni bado upo. Hajui ni wa ngapi mtu akitafuta tiketi.

Anataka meza. Fathi amekubali kumpa upande wa mbele wa duka, karibu na mlango, mradi mashati yasiguswe tena na pini. Wanabishana juu ya hilo la pini.

Kisha ananionyesha ile simu nyingine, iliyoegemezwa kwenye chupa ya wanga. Kwenye kioo kuna safari ya Tabuk kuja Kairo, ya kuja tu, bila kurudi. Anasema Hajati alisharudi Mahalla, na huko nyuma Ragab amepata wakili, na karatasi zake zimeanza kusogea.

Namwuliza kama Ragab amemwomba amtafutie tiketi.

“Hapana, bado,” anasema, akiifuta simu kwa ncha ya mtandio. “Lakini mama yake amekwishaagiza bata kwa Atiyat.”