Rubisi Isiyonywewa ya Kiruruma

Shauri zima liligharimu shilingi thelathini na sita za baraza, mbuzi mmoja ambaye hakuandikwa popote, na madebe mawili ya samli niliyopewa mimi kwa ushauri. Kwa kibanja chenye kahawa inayozaa, hiyo ni bei ya kuokota. Nilijisifu nayo miaka mingi hapa Omurushaka, nikiwaambia watu mbele ya mizani yangu kwamba hakuna aliyewahi kumwondoa mtu ardhini mwake kwa haki na kwa bei rahisi namna ile. Mwenye kibanja amefariki mwezi uliopita, kwa kifua kilichomshika mvua zilipoanza, na tangu nirudi Kiruruma kwenye matanga yake sijisifu tena. Ninamwandika leo kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sifa kwangu hupimwa kwa ratili ndogo. Lakini zaidi ninaandika kwa ajili ya mjane wake na mabinti wawili aliowaacha. Kukaa kwao katika kibanja kile kumeingia mashaka, na mashaka hayo nikiyatazama vizuri nayaona yana alama ya kidole changu.

Marehemu alikuwa mtu wa ng'ombe. Baba yake alimwachia kibanja cha migomba, naye akakiacha kigeuke pori, maana akili yake yote ilikuwa kwenye majani na maji ya kunyweshea. Mwaka mmoja wa ukame aliswaga mifugo hadi pande za Mabira akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuta mtu na mkewe, watu wa ng'ambo ya mto, wamefyeka pori lile, wamepanda migomba na mibuni, wamejenga kibanda. Hakuna aliyewapa ruhusa. Yule mtu alimpokea kwa magoti, akasema alidhani mahali hapo hapana mwenyewe, akaomba asifukuzwe. Marehemu alijibu, "Tutaona," akaenda kutazama ng'ombe wake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na katika hali hiyo miaka ikapita. Majirani walimwita yule mtu Mgeni, na jina likamganda hata migomba yake ilipokuwa mirefu kuliko ya wenyeji. Kisha vita vya dunia vikaisha, bei ya kahawa ikapanda, na lile pori la zamani likaanza kuonekana machoni pa mwenyewe. Ndipo alipokuja dukani kwangu na debe la kwanza la samli.

Tulipatana bei kwanza, ndiyo desturi yangu, halafu nikamfungulia mambo. Katika mabaraza yetu, mtu aliyejikalia katika ardhi ya mwingine hatazamwi sana miaka yake. Linalotazamwa ni kibuyu. Akipika rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapeleka kibuyu cha kwanza kwa mwenye ardhi, na mwenye ardhi akanywa, basi amekuwa mtu wake, na kumtoa hapo ni kazi ya miaka. Kama mwenye ardhi hajaonja hata tone, huyo ni mvamizi tu, na hukumu yake ni fupi. Nikamwuliza kama ameshakunywa. Akasema hapana, kwa sababu Mgeni ndiyo kwanza anamalizia kuchonga mtumbwi wake wa kukamulia ndizi. Nikamwambia ana bahati, na kwamba tangu siku hiyo rubisi ya mtu yule ni sumu kwake.

"Mhaya," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu tujuane, "mtu analeta kibuyu hadi mlangoni kwangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie umeokoka."

Ilikuwa miaka ile walokole walipozagaa vijijini wakitubu hadharani na kumwaga pombe zao. Mimi ni Mkatoliki wa Muleba, rubisi haijawahi kunigombanisha na padri yeyote, kwa hiyo wokovu wa mtu mwingine haukunigharimu kitu. Kibuyu kilikuja, kimezibwa kwa jani la mgomba, na marehemu, ambaye alikuwa mnywaji wa sifa, akatangaza wokovu wake huku koo likipanda na kushuka. Mgeni alifurahi mno. Alimpa hongera kwa mikono miwili, akarudi na kibuyu chake. Siku ya tatu akaja na kingine, cha maji matamu ya ndizi yasiyochachuka, ambayo mlokole yeyote hunywa bila hofu. Marehemu alinijia mbio kwa baiskeli ya kuazima kuniuliza sasa iweje. Nikamwambia amefunga. Akaenda akasema amefunga, na Mgeni akamwuliza kwa adabu atafungua lini, ili amwekee. Kwa vile sikuwa nimemfundisha jibu la hapo, alisema hajui. Mwishowe Mgeni aliacha mkungu wa ndizi mlangoni alfajiri, akaondoka, asimsumbue mtu mwenye swaumu. Huo ulikuwa wa hatari kuliko vyote, maana kitu kilicholala mlangoni mwako kimekwisha kupokelewa nusu. Nilifanya mpango mkungu wa kijiji awepo, nikiwa na maana ya kiongozi wetu na si wa ndizi, na hapo ndipo yule mbuzi alipotembea. Mbele yake marehemu akabeba ndizi zile begani mchana kweupe, mtu ambaye maisha yake yote hakubeba kitu zaidi ya fimbo, akazirudisha kwa mwenyewe. Mgeni alizipokea akasema, "Asante, baba."

Barazani nilikaa benchi la nyuma, maana mshauri mzuri haonekani. Marehemu aliulizwa kama alitoa ruhusa, akasema hapana. Aliulizwa kama alipokea chochote, akasema hapana, na sauti ilikuwa ndogo hata karani akamwomba arudie. Kisha hakimu akamgeukia Mgeni akamtaka aseme kweli, je, mwenye ardhi amewahi kunywa rubisi yake, au maji yake ya ndizi, au kula chochote kilichotoka pale? Mtu mjanja angesema amekunywa, tukaanza kuvutana na mashahidi hadi mwaka mwingine. Mgeni alisimama, akasema maneno ambayo nayakumbuka kuliko nilivyotaka.

"Hakunywa, bwana. Lakini naomba asidhaniwe vibaya. Si kwamba ananidharau, huyu mzee ameokoka. Nyumba nyingine zote nilizopeleka walikunywa. Yeye alikataa kwa sababu ya Mungu."

Watu walicheka. Karani aliandika neno moja tu kati ya yote hayo, nalo ni hakunywa. Tulishinda kwa ushahidi wa mshitakiwa, ambaye alidhani yuko pale kulinda jina la mshitaki.

Hukumu ilikuwa ya haki kama hukumu zinavyokwenda. Mgeni apewe nafasi avune kahawa iliyokuwa mitini, alipwe migomba na mibuni yake kwa kila shina, kisha ahame. Hesabu ya mashina nilikabidhiwa mimi. Huwa nahesabu kila kitu mara mbili, na nimejaliwa kwamba hesabu ya pili daima humfaa anayenilipa. Mgeni hakubisha. Alihamia Mabira, akaanza tena kwenye pori jingine, safari hii akiwa amemwomba ruhusa kila aliyekutana naye njiani.

Sasa nisimulie gharama ambayo sikuiingiza katika bei. Mtu aliyeshuhudiwa barazani kwamba ameokoka hawezi kuonekana jioni na mrija mdomoni. Marehemu aliishi mkavu miaka yote iliyobaki, akakaa mbali na vikao vya majirani kwa kuogopa harufu. Nao majirani wakaacha kumletea chochote. Hawakumsusia. Walikuwa wamejifunza kwamba mlangoni kwake kitu kinachopelekwa kinatazamwa, na wao hawakutaka kesho waitwe kueleza walikipeleka kwa nia gani. Siku moja alikaa dukani kwangu muda mrefu bila kununua, nikamwuliza habari za huko Kiruruma. "Nzuri," akasema. "Siku hizi wananisalimia vizuri sana." Nilikuwa napima kahawa ya maganda ya mtu, nikajifanya nashughulika na mawe ya mizani.

Najua wapo watakaoniambia kwamba sheria ilikuwa upande wake, na ni kweli. Ardhi ilikuwa yake, ya baba yake, na hakuna nchi inayoweza kuendeshwa kwa huruma ya kila mwenye jembe. Baraza nalo sililaumu. Hakimu hawezi kuuona moyo wa mtu, kwa hiyo huuliza kinachoweza kuonwa na jirani, na kibuyu kinaonekana. Ila zamani mtu alikunywa kwanza, na maana ya kunywa kwake ikafuata nyuma polepole. Sasa tunaanza na maana, ndipo tuamue kama tuna kiu. Hapa Omurushaka nimeona mama akikataa chumvi ya jirani yake mpaka ajue ni ya kukopa au ya kupewa. Na sisi wenye kujua kidogo mambo ya baraza tunauza ujuzi huo kwa samli, halafu tunashangaa vijiji vimepoa.

Nilifika Kiruruma siku ya kuanua matanga. Mwalimu wa kanisa lao alihubiri juu ya marehemu aliyekataa kibuyu mchana kweupe mbele ya mashahidi, akawaambia vijana waige. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Walokole walipokwisha kuondoka, mjane alitoa rubisi kwa ajili ya ukoo. Kwa desturi ya pale, ndugu za mume wakinywa rubisi ya mjane siku hiyo, wamekubali kwamba nyumba ni yake na atakaa. Kwa mwanamke aliyezaa mabinti watupu, hakuna hati nyingine. Marehemu ana ndugu wawili wa kiume, na siwajui wenzao kwa kunywa kuanzia hapa hadi Kyerwa. Mkubwa aliletewa kibuyu, akashika tumbo. Alisema linamsumbua tangu juzi. Mdogo akasema yeye ameokoka. Mzee mmoja akamwuliza lini, akasema jana.

Kibuyu kilizunguka kikarudi mikononi mwa mama kikiwa kizima. Aliyekunywa alikuwa mmoja tu, mtu aliyekuwa amekaa pembeni kwenye majani makavu ya mgomba, ambaye nilipomwangalia vizuri nilimtambua. Mgeni alikuwa ametoka Mabira kwa miguu kuja kuomboleza. Alikunywa kwa heshima yote, akamshukuru mama, akamsifia ndizi zake, ndizi ambazo alizipanda mwenyewe. Na kunywa kwake hakumsaidii mama kitu mbele ya baraza lolote.

Nilipokuwa natafuta baiskeli yangu, ndugu mkubwa alinifuata. Tumbo lilikuwa limepona. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu watakuja Omurushaka na samli, tuzungumze. "Njia ile ile uliyompa kaka," akasema, "sisi tumekwisha kuianza." Na nyuma yake akaja mjane, akanivuta kando.

"Shemeji," akasema, "dukani huna dawa ya tumbo? Bwana mkubwa anaumwa, hata rubisi yangu imemshinda."

Nikamwambia nitatazama.

Samli yao sitaipokea, hilo nimekwisha kuamua, ingawa kukataa kwangu hakuwazuii, kwani somo wanalo. Nimefikiri nisimame barazani kabla yao, niseme kwamba matumbo yale na wokovu ule ni kitu cha kufundishwa, na aliyefundisha ni mimi. Lakini nitaulizwa nimemfundisha nani mwingine. Nikisema kweli, hukumu ya kwanza inaoza, na kibanja kinaweza kumrudia Mgeni. Nikinyamaza, kinakwenda kwa ndugu wawili. Kama nilijifunza jambo katika shughuli hii, ni kwamba ukimfundisha mtu mmoja kukataa mkono wa mwenzake kwa njia halali, umewafundisha wote walio nyumbani mwake, na huwezi kuchagua watakayemkataa kesho.

Nimeipiga hesabu hii mara mbili, na mara zote mbili anayehama ni mama na mabinti wake. Sijawahi kumwomba msomaji kitu katika safu hii, wala sina sifa ya kuomba bure. Wenye kuzijua desturi za kwetu kuliko mimi, wazee wa mabaraza, makarani, akina mama mliobaki na nyumba zenu, mwenye njia ambayo sikuiona na aniandikie kwa mhariri. Iwe njia ambayo mjane anabaki na Mgeni hadhulumiwi mara ya pili, hata kama ndani yake mimi naaibika barazani. Naomba ifike kabla ya Jumamosi ile.