Rangi ya Migomba ya Manka

Siku dada yangu Manka alipokuja ofisini kuniaga, tulikuwa na picha mbili za kijiji chetu mezani. Zote zilipigwa kutoka kwenye ndege. Moja ilisafishwa kwa dawa gizani, nyeusi na nyeupe, kama tulivyozoea. Nyingine ilitoka kwenye printa mpya ya wino wa rangi ambayo mfanyabiashara mmoja wa mjini alituachia tuijaribu. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu ambavyo shuleni tulivisikia tu sasa viliteremshwa kwenye malori pale Himo kama magunia ya vitunguu.

Nilikuwa nimetoka chuo mwaka uliotangulia. Kazi yangu katika ofisi ile ya ramani, Moshi mjini, ilikuwa kusoma picha za anga na kusema hapa ni kahawa, hapa ni mpunga wa Mabogini, hapa ni paa. Bwana Mushi, mkuu wangu, alinipa jukumu la kuamua kama rangi za mashine ile zinaaminika. Alisema amenichagua kwa sababu mimi ndiye mtu pekee Moshi ambaye akipewa chai huuliza jani lilichumwa na nani.

Manka alikuwa mtawa. Jina lake la utawa lilikuwa refu; nyumbani Kilema alibaki Manka, na mama yetu alibaki Mama Manka. Kwa miaka kadhaa alikuwa katika parokia moja ya Rwanda, juu ya kilima ng'ambo ya mto Kagera, akifundisha wasichana kushona na kulima. Likizo ile aliimaliza kihambani, shamba letu la ukoo linalozunguka nyumba, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, akipogoa migomba pamoja na mama.

Aliiinamia picha ya rangi akacheka. "Hata choo cha mama kimo."

Kisha akauliza kwa nini shamba la jirani ni la kahawia na letu ni la kijani. Nikamweleza kwamba jirani amehamia Dar na hakuna anayempogolea. Majani makavu yananing'inia, na kutoka juu shamba zima huonekana kama gunia kuukuu. Kwenye picha nyeusi na nyeupe mashamba yote mawili yalikuwa kijivu kilekile.

"Kwa hiyo mkiwa huko juu mnajua nani mvivu?"

"Tunajua nani hayupo."

"Basi migomba yangu ya parokiani itakuwa ya kijani," alisema. "Siku ukipita juu, utanijua kwa hiyo."

Bwana Mushi akamsihi Sista amwombee mdogo wake apunguze mawazo. Manka akajibu kwamba ameomba sana, labda Mungu naye bado anawaza. Akaondoka na chipukizi la mgomba wa kwetu, amelifunga kwenye gazeti.

Mauaji yalipoanza Rwanda tuliyasikia redioni kama watu wote. Mama alihamisha redio kutoka sebuleni akaiweka jikoni. Wiki zikapita bila habari ya parokia ile. Watu walikuwa wakivuka mpaka kuingia kwetu, makambi yakaota, na ofisi yetu ikaombwa ramani. Nilijitolea kabla Bwana Mushi hajamaliza kusema.

Mama alinifungia chakula cha njiani. "Ukimwona, mwambie zamu yake ya kupogoa nimeifanya mimi."

Masika yalikuwa yamekwisha tulipofika mpakani. Kazi yetu ilikuwa kutandaza vitambaa vyeupe ardhini kwa umbo la msalaba, mahali tulipokwisha kupima, ili ndege ikipita ivipate kwenye picha na ramani ikae sawasawa. Baina ya msalaba mmoja na mwingine niliuliza habari za Manka. Mtu mmoja aliniambia masista waliondolewa mapema kwa gari. Mwingine alisema walikataa kuwaacha wasichana. Wa tatu aliniuliza dada yangu ni kabila gani. Nikasema Mchagga. Alinitazama kama mtu aliyejibiwa swali jingine, akaenda zake.

Usiku nililala nikiyapanga majibu yale. Gari ni jambo ambalo mtu hawezi kulibuni, nilijiambia. Halafu nikajiuliza kwa nini hawezi.

Msalaba wa mwisho ulikuwa karibu na mto. Maji yalileta miili. Nilijifunza kutazama ukingo, siyo maji.

Tulikuwa tukipigilia vigingi vya kitambaa. Mlio wa kwanza nilidhani ni nyundo ya mwenzangu.

Wa pili haukuwa nyundo.

Nililala kifudifudi juu ya kitambaa. Nikawaza kwamba cheupe ndicho kinachoonekana zaidi kutoka ng'ambo. Nikawaza kwamba nikisogea nitaonekana zaidi. Sikusogea.

Hatua chache mbele yangu alikuwepo mwanamke aliyekuwa ametoka kuvuka, godoro kichwani. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Godoro likamwangukia.

Hakuliondoa.

Milio ilikoma. Hatukujua nani alipiga, wala alimlenga nani. Tulimzika palepale pamoja na wanaume wawili ambao hawakumjua jina, na kwa kuwa hatukuwa na sanda tulimfunika kwa kitambaa chetu. Ndiyo maana katika picha zile msalaba wa mwisho haupo. Mahali pake kuna tuta dogo la udongo mwekundu, na mimi tu na mwenzangu tunajua ni nini.

Ndege ilipita siku zilizofuata. Iliporudi Moshi ilipiga pia mteremko wetu wa Kilema, ili tuwe na mahali tunapoweza kufika kwa miguu na kulinganisha rangi.

Pembeni mwa picha moja ya mpakani kulikuwa na kilima cha parokia. Nilikitambua kwa barabara yenye kona mbili. Manka aliwahi kunichorea. Picha nyeusi na nyeupe ndiyo iliyokuwa tayari kwanza. Nikaiweka pamoja na iliyopigwa baada yake chini ya stereoskopu, chombo cha lenzi mbili kinachofanya kilima kiinuke juu ya karatasi, na kilima kikainuka. Kanisa lilikuwa na paa. Nyuma yake shamba la migomba lilikuwa limesimama, mistari imenyooka. Nilifurahi siku nzima. Bwana Mushi alinunulia ofisi yote soda.

Kesho yake tulichapa ya rangi.

Migomba ya Manka ilikuwa ya kahawia. Siyo yake tu. Kilima kile chote, na cha nyuma yake.

Bwana Mushi alisimama nyuma yangu. "Wino wa manjano umezidi," alisema. "Hizi mashine mpya hizi."

Hakuamini. Alikuwa ananipa kitu cha kushika, nami nikakishika kwa mikono miwili. Sijawahi kutamani kitu kishindwe kama nilivyotamani printa ile ishindwe.

Nilianza na kiangazi. Labda ni jua tu. Lakini kwenye karatasi ileile, upande wetu wa mto, migomba ilikuwa ya kijani kuzunguka kila nyumba. Nikafikiri huenda mashine inaharibu rangi za pembeni. Nikaigeuza picha juu chini, nikachapa upya. Kahawia ikahama pamoja na kilima. Nikabadilisha wino wote, nikachapa tena. Kahawia ikarudi.

Lilibaki jambo moja: pengine printa ile haikujua mgomba kabisa, na hata wa nyumbani ingeupaka uongo. Jumamosi nikapanda Kilema na picha mbili za rangi ndani ya bahasha, ya kwetu na ya parokia. Nilikuwa nimeazimia kumwonyesha mama ya kwetu tu.

Nilimwamkia shikamoo, nikapita moja kwa moja kihambani, nikaanza kuishikilia picha ya kwetu karibu na majani. Mama aliniacha nizunguke. Hatimaye akauliza natafuta nini, nami nikamwambia yote, hata ahadi ya Manka kwamba nitamjua kwa kijani.

Aliichukua picha. Akalitazama shamba letu kwenye karatasi, kisha shamba lenyewe. Akatazama shamba la jirani kwenye karatasi, kisha akainua macho juu ya masale, mimea inayotenganisha mashamba yetu, kule migomba ilikoachwa. Rangi zilikuwa zilezile.

"Na ile nyingine?"

Nikampa. Hakuuliza parokia iko wapi. Aliiona mwenyewe.

"Mashine hii imesema kweli kuhusu kwetu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini iseme uongo kuhusu kwake?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuja nayo mengi kutoka Moshi. Alinirudishia picha, akachukua mundu, akaanza kupogoa kutoka ukingo wa chini, sehemu ambayo tangu utoto wetu ilikuwa zamu ya Manka. Nilimfuata nyuma nikikusanya majani ya ng'ombe.

Jumatatu niliandika tathmini yangu. Ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: rangi zinaaminika. Bwana Mushi aliisoma amesimama. Nilingoja utani wake. Alitia sahihi, akafunga mlango wake.

Habari kamili ililetwa na masista wenzake baadaye sana. Manka alikuwa amekufa mwanzoni kabisa, pamoja na wasichana, kabla hata sijaondoka Moshi kwenda kumtafuta. Kaburi la kutuonyesha halikuwepo. Mama aliwashukuru, akawapikia, akawasindikiza hadi barabarani.

Huwa najiuliza ingekuwaje kama ningempelekea mama ile picha nyeusi na nyeupe ya parokia. Angeishi na kilima cha kijivu, chenye kanisa lililoezekwa na mistari iliyonyooka, na pengine angetosheka nacho hadi mwisho. Nimeligeuza swali hili juu chini kama nilivyoigeuza picha ile. Halihami.

Mama tulimzika kihambani, penye masale. Hadi siku ile watu walimwita Mama Manka.

Sasa nyumba imefungwa. Kahawa haina bei, vijana wameshuka mjini, na mashamba mengi ya pale juu yamekuwa ya kahawia bila vita yoyote. Letu napanda kulipogoa kila ninapopata nafasi. Bwana Mushi, ambaye siku hizi ni mstaafu, ananiuliza kwa nini ninatoka jasho kwa mikungu ninayowagawia watu. Namwambia ni mazoezi.

Nikimaliza hutazama juu kidogo kabla ya kushuka. Ndege ikipita na kupiga picha, atakayeisoma ataona kijani, aandike kwamba hapa anaishi mtu. Nitamwacha akosee.